"Vipi, hamna habari?" Kutafuta mtoto ukiwa na PCOS

Sisi Waswahili wa Maskati tuna namna yetu ya kuuliza. Hatusemi "Mbona huzai?" Tunasema "Vipi, hamna habari?" Na kila aliyekaa anajua ni habari gani inayotakiwa. Nimeolewa miaka mitano sasa, na swali hili nimelisikia harusini, matangani, kwenye akika za watoto wa wenzangu, na kwenye ujumbe wa sauti kutoka Unguja, Dubai na London.

Naandika bila ya jina langu, kwa sababu mimi na mume wangu tumekubaliana sitara yetu ibaki palepale. Lakini maradhi yenyewe hayana haja ya kufichwa. Yanaitwa PCOS, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa yanawapata wanawake kati ya 8 na 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui kama wanayo. Kwa hiyo mkiwa wanawake kumi kwenye baraza moja, yumkini mmoja wenu anayo, na huenda hajui.

Si chango, wala si jicho

Tangu niko skuli, siku zangu zilikuwa zinakuja zinapotaka. Mara baada ya siku 40, mara baada ya miezi mitatu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alisema ni chango la uzazi, akanichemshia dawa za mizizi. Khalati yangu alisema ni jicho. Mama akasema nikiolewa tu yatakaa sawa. Wote walikuwa wananitakia mema. Mbali na hayo nilikuwa na chunusi zisizokwisha, nywele za kidevuni nilizokuwa nikizitoa kwa uzi, na weusi wa shingoni usiotoka hata ukisugua vipi. Kila kimoja kilikuwa na dawa yake na duka lake. Hakuna aliyeviona kuwa ni kitu kimoja, mpaka siku nilipokaa mbele ya daktari wa wanawake, mwaka mmoja baada ya harusi, akanitazama shingo, akaniuliza siku zangu, akasema hebu tupime.

Jina la maradhi haya linatisha bure. Ukilifasiri utadhani ovari zimejaa uvimbe. Sivyo. Ovari ni vile viungo viwili vinavyotunza mayai ya mwanamke. Kila mwezi vifuko vidogo vya mayai huanza kukua, kimoja kikashinda wenzake, kikapasuka, na yai likatoka. Kwa mwenye PCOS vifuko vinaanza kukua, halafu vinasimama njiani. Vinabaki pale vingi vidogovidogo, na ndivyo vinavyoonekana kwenye altrasaundi kama shanga. Yai halikutoka, basi mimba haina pa kuanzia, na hedhi nayo inachelewa.

Maradhi haya si ya kizazi cha simu na baga, kama ninavyosikia watu wakisema. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliyaeleza tangu mwaka 1935. Mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam wakakubaliana namna ya kuyatambua. Yapo mambo matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (nywele, chunusi, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi. Ukiwa na mawili kati ya hayo matatu, na daktari akahakikisha kuwa hakuna sababu nyengine, basi unayo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeongeza kuwa kwa mtu mzima kipimo cha damu cha homoni iitwayo AMH kinaweza kushika nafasi ya altrasaundi.

Maneno "hakuna sababu nyengine" yana uzito wake. Tezi ya shingo ikilegea, au homoni ya maziwa, prolaktini, ikipanda, hedhi inavurugika vilevile, na dawa yake ni nyengine kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa una PCOS kwa kutazamwa altrasaundi peke yake, uliza kwa adabu: "Daktari, tezi na prolaktini vimepimwa?"

Sukari ndiyo mlango wa nyuma

Kilichonishangaza ni kuwa daktari aliniuliza zaidi habari za baba yangu kuliko za mama. Baba ana sukari. Ami zangu wawili wana sukari. Shangazi ana sukari. Sisi wa Ghuba tunalijua gonjwa hili, hakuna nyumba isiyo na mashine ya kuchoma kidole.

Uhusiano wake ni huu. Wanawake wengi wenye PCOS mwili wao hausikii vizuri insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Mwili ukiona haisikiki, unatoa zaidi. Insulini ikizidi, inaichochea ovari itengeneze homoni nyingi za kiume, na hizo ndizo zinazovizuia vifuko visikue mpaka mwisho. Ule weusi wa shingoni ndiyo alama ya insulini kuzidi. Sio uchafu, na wala hautoki kwa liwa.

Nikapewa kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi, na damu kutolewa kabla ya kunywa na baada ya saa mbili. Mwongozo unasema kipimo hiki kinafaa hata kwa mwenye PCOS aliye mwembamba, hasa anayetafuta mtoto, kwa sababu PCOS inaongeza hatari ya sukari ya ujauzito. Nina rafiki mwembamba kama fito, na yeye anayo. Watu wanamwambia "wewe huna tatizo, angalia mwili wako." PCOS haisomi mizani.

Mume naye apimwe

Hapa ndipo ndoa yangu ilipotikisika. Daktari alisema wazi: kabla ya kuanza dawa yoyote ya kupevusha yai, mume apimwe mbegu. Mume wangu akakataa. Hakupiga kelele, alisema tu, "Kwetu hakuna mgumba." Na ilikuwa kweli, kaka zake wote wana watoto. Miezi saba ikapita hivyo. Katika miezi hiyo mavyaa alianza kumtaja binti wa jamaa zao wa Nizwa, anasoma, ana tabia nzuri, ana heshima. Hakuniambia mimi. Aliniambia wifi yangu, na nilielewa nilichotakiwa kuelewa.

Ukweli ni kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, mume ana mchango wake, peke yake au pamoja na mke. Kipimo chake hakina sindano wala mashine, na ndicho cha kwanza kinachopaswa kufanywa. Kumpa mke dawa mwaka mzima bila ya kumpima mume ni kupoteza umri wa mke.

Aliyeufungua mlango ni ami yake, mzee wa miaka sitini na kitu. Alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, mimi nilipimwa kabla ya kumpata Salim. Hukuwahi kusikia kwa sababu sikumwambia mtu. Nenda." Akaenda. Majibu yakaja kuwa mbegu zipo za kutosha, ila mwendo wake ni mdogo. Daktari akamwambia aache sigara na shisha, na arudie kipimo baada ya miezi mitatu, maana mbegu huchukua miezi miwili na nusu au zaidi kutengenezwa. Aliacha. Kipimo cha pili kilikuwa bora. Usiku ule alikwenda kwa mama yake, wakazungumza wawili. Sijui walisema nini. Habari za binti wa Nizwa hazikutajwa tena.

Wali haujaharamishwa

Ukisikia "badilisha chakula" unadhani utaishi kwa majani na maji. Mimi nilikwenda kwa mshauri wa lishe wa Kimisri, bibi mpole, akaniuliza nakula nini. Nikamtajia: chai ya maziwa yenye sukari mara nne, mandazi asubuhi, wali mchana, halua na tende kila anapokuja mgeni, na wageni hawaishi. Akacheka, akasema, "Tuanze na chai."

Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza hata kilo tano katika kila mia kunaweza kurejesha mpangilio wa hedhi kwa baadhi ya wanawake. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni kilo 4. Hakuna chakula maalumu cha PCOS kilichothibitika kushinda vyengine, kinachofaa ni kile utakachoweza kukiendeleza. Kwangu imekuwa hivi: chai bila sukari, wali kikombe kimoja badala ya sinia, samaki wa kuchoma, kunde, bamia na mchicha kujaza sahani, tende tatu na si kumi. Na kutembea. Maskati ya Julai huwezi kutembea nje, basi mimi na jirani yangu tunazunguka ndani ya maduka makubwa, vijora na mabaibui yetu, nusu saa bila kununua kitu. Hilo la kutonunua ndilo gumu.

Dawa za asili watu wananiuliza sana. Habasoda, uwatu na mdalasini ukitia chakulani havina ubaya. Lakini chupa isiyo na jina iliyotoka kwa mtu anayejulikana na mtu, siinywi tena wakati niko kwenye dawa za hospitali, kwa sababu sijui kilichomo, na daktari naye hawezi kujua. Kukandwa tumbo nako, ukishaanza dawa za kupevusha mayai, acha. Ovari wakati huo huwa zimevimba na zinaweza kujisokota.

"Wifi ana saratani"

Nilianza na metformini, ile ile dawa ya sukari anayokunywa baba. Inasaidia insulini isikike. Wiki za mwanzo tumbo linaharisha na kichefuchefu kinakuja, ndiyo maana huanzwa kidogo kidogo na hunywewa pamoja na chakula.

Kisha nikaandikiwa letrozoli. Kidonge kwa siku tano, kuanzia siku ya tatu ya hedhi. Ukifungua boksi utakuta karatasi inasema ni dawa ya saratani ya matiti. Wifi yangu aliliona boksi mezani, akaisoma ile karatasi, na kabla ya magharibi nyumba nzima ilikuwa inalia kuwa nina saratani na nimemficha mume. Mavyaa alikuja akanikumbatia kwa machozi. Nilijua siku ile kuwa ananipenda.

Letrozoli ni kweli inatibu saratani ya matiti, kwa sababu inashusha homoni ya estrojeni. Lakini ikinywewa siku tano tu, ubongo unaona estrojeni imeshuka, unatuma amri kali zaidi kwa ovari, na kifuko kimoja kinapata nguvu ya kukua mpaka mwisho. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake 750 wa Marekani wenye PCOS, waliotibiwa kwa hadi mizunguko mitano. Waliotumia letrozoli, asilimia 27.5 walizaa. Waliotumia klomifeni, dawa ya zamani, walikuwa asilimia 19.1. Ndiyo maana leo mwongozo unaitaja letrozoli kuwa ya kwanza.

Zisome nambari hizo kwa makini. Hata kwa dawa iliyo bora, zaidi ya nusu walimaliza mizunguko yao bila mtoto wakati ule. Si kwamba mlango umefungwa, bali safari ina vituo. Baada ya vidonge zipo sindano, na upo upasuaji mdogo wa tundu kwa baadhi ya watu. Ukiambiwa "jaribu mwezi mmoja tu utashika", aliyekuambia hivyo hakuambii kweli.

Na jambo jengine dogo: vile vijiti vya mkojo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa kuonesha yai linapevuka, kwa mwenye PCOS vinaweza kudanganya. Homoni vinayoitafuta huenda iko juu muda wote. Altrasaundi na kipimo cha damu cha projesteroni ndivyo vya kuaminika zaidi.

Ramadhani na dawa

Hili halimo kwenye vipeperushi vya Ulaya, lakini ndilo tunaloulizana sisi. Metformini mara nyingi huweza kupangwa wakati wa futari na daku, na letrozoli ni kidonge kimoja kwa siku, usiku kinanyweka. Muone daktari mwezi wa Shaabani, si siku ya tatu ya Ramadhani. Asiyefunga kwa sababu ya hedhi iliyoletwa na vidonge asione kuwa ni mchezo. Hedhi ikipita siku 90 haijaja, ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kuwa mnene, na miaka ikienda hivyo ni hatari ya saratani ya mji wa mimba. Kwa hiyo kuletewa hedhi kwa dawa ni tiba, hata kwa msichana asiyetafuta mtoto.

Maabara, na wanavyuoni walivyosema

Wengi wetu tukisikia "mtoto wa maabara" tunashtuka. Mwaka 1980 Al-Azhar ilitoa fatwa, na mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Amman lilikubaliana na njia hii kwa sharti liko wazi: yai la mke, mbegu za mumewe, ndoa ikiwa hai, na hakuna mtu wa tatu wa aina yoyote. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni wake, lakini asikae miaka kwa kudhani tu kuwa haijuzu.

Kwa mwenye PCOS lipo la kuangalia. Ovari zetu zikipigwa sindano nyingi huitikia kwa wingi mno, tumbo likajaa maji na pumzi ikabana. Kabla ya kusafiri kwenda India au kwengineko, na wengi wetu tunakwenda, uliza: "Mtafanya nini nisijae maji?" Kliniki nzuri itakuwa na jibu, kwa mfano kubadilisha aina ya sindano au kugandisha viinitete vyote na kuvirudisha baadaye. Wasiokuwa na jibu, waache na bei yao nafuu.

Tulipofika

Mwaka jana nilishika mimba kwenye mzunguko wa tatu. Ikatoka wiki ya nane. Nilikuwa nimerudi Unguja kumuona bibi mzaa baba, na maneno yakawa kwamba ni ndege, ni ngazi za nyumba ya Malindi, ni kubeba mizigo. Daktari akanieleza kuwa mimba nyingi zinazotoka mapema hivyo hutoka kwa sababu ya kasoro katika vinasaba vya kile kiinitete, na mama hakuna alichokifanya. Nilimuomba amwambie hivyo hivyo mavyaa, kwa Kiarabu, nikiwa nimekaa. Alimwambia.

Sasa tuko mzunguko wa tano. Nakunywa foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, kama anavyopaswa kila anayetafuta mtoto. Wako siku ambazo nalia gari ikiwa imesimama maegeshoni, halafu naingia kazini. Hilo nalo ni katika maradhi: huzuni na wasiwasi vimeonekana zaidi kwa wanawake wenye PCOS, na mwongozo unawataka madaktari waulize. Wasipouliza, sema mwenyewe. Hakuna aibu.

Nina mdogo wangu wa miaka 17. Alivunja ungo akiwa na miaka 13, na mpaka mwaka jana alikuwa akikaa miezi miwili, mitatu. Mama akataka kusema itakaa sawa akiolewa, kisha akanitazama akanyamaza. PCOS inatembea ndani ya familia. Msichana akishapita miaka mitatu tangu avunje ungo, na bado siku zake zinapita 35 au anapata hedhi chini ya mara nane kwa mwaka, apelekwe kwa daktari. Na aliyeolewa mwenye hedhi ya namna hiyo asisubiri mwaka mzima wa kujaribu, aende mapema pamoja na mume wake. Andikeni tarehe za hedhi za miezi sita kwenye simu, chukueni majina ya jamaa wenye sukari, na mwende nayo. Mdogo wangu tumekwenda naye wiki iliyopita. Alitoka na karatasi ya vipimo mkononi, akaniuliza njiani kama hii ina maana hatazaa. Nikamwambia wengi wanazaa, na yeye ameanza kutibiwa miaka kumi kabla yangu.